Hakika Ninayoijua Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Tumeitwa ofisini, mimi na mwalimu wa chumba cha pili. Huyu mama namwita Bi Utulivu, kwa sababu hata dari likimwangukia atasema asante. Mkuu wa chuo akatutangazia, bila hata kupepesa macho, kwamba wanafunzi wa jioni wamepungua. Madarasa yetu mawili ya Kiingereza yataunganishwa. Atabaki mwalimu mmoja. Ijumaa atatukagua wote wawili kwa somo lile lile: kutofautisha hakika na maoni.

Kukaguliwa! Mimi! Niliyefundisha hapa tangu ngazi hazijawekewa vyuma vya kushikilia! Bi Utulivu akauliza tu kama kalamu za ubao zitatosha.

Nyumbani nikamweleza mke wangu uonevu huu. Akauliza kama nimeandaa somo. Nikamjibu kwamba somo jepesi vile haliandaliwi. Akaendelea kukunja nguo, lakini zile nguo alikuwa anazikunja kwa kunisema.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata mpango. Sentensi za mfano si nazitunga mwenyewe? Basi kwa nini zisinisifu? Leo nimeandika ubaoni, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mwalimu wa darasa hili ni hodari kuliko wote. Nikauliza: hii ni hakika au maoni?

Darasa zima likajibu maoni. Zima! Nikawaambia hapana, ni hakika, kwa sababu mimi nina hakika nayo. Kisha akanyoosha mkono shangazi wa mke wangu. Ndiyo, anasoma kwangu, maana alisema hawezi kulipia elimu kwa watu baki wakati familia ina mwalimu. Akauliza kwa upole hiyo hakika mtu angeithibitisha vipi.

Angekuwa mwanafunzi mwingine ningemtoa nje. Lakini shangazi wa mke! Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili jioni ile. Akaitikia, kisha akaliuliza tena swali lake.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimebadili mbinu. Darasani kwangu yumo kinyozi mmoja, mtu wa maneno mengi, ambaye hajawahi kusema jambo akaliita maoni. Timu yake ndiyo bora: hakika. Nywele zikinyolewa asubuhi hukua vizuri zaidi: hakika. Huyu ndiye mtu wangu!

Nimemweka pembeni nikamfundisha sentensi moja ya Kiingereza, kwamba mwalimu wake ndiye hodari kuliko wote mjini na kwamba hiyo ni hakika. Nikamwagiza hivi: Mkuu akiuliza swali la kwanza tu, asimame aseme. Aliirudia mpaka ikamkaa. Matamshi yake mazuri kweli, nani kamfundisha kama si mimi?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimeazima kalamu zote za Bi Utulivu ili kesho akose za kuandikia. Akanipa kwa furaha, akaniongezea na kifutio. Mwanamke gani huyu! Hata kugombana naye haiwezekani. Jioni nikapita mlangoni kwake kuchungulia. Anafundisha kwa kadi za karatasi, na wanafunzi wanacheka. Kiingereza hakichekwi.

Nikamwomba mke wangu amwambie shangazi yake apumzike kesho, asije. Akaniuliza sababu. Nikasema ni afya yake. Akaniambia shangazi ni mzima kuliko mimi, na kama nina neno nikamwambie mwenyewe usoni. Nani atathubutu? Mimi si mwendawazimu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Jamani, jamani.

Mkuu ameingia, ameketi nyuma. Joto. Akauliza kama kuna anayeweza kumfungulia dirisha. Kinyozi akasimama wima, akatamka kwa sauti ya kengele kwamba mwalimu wake ndiye hodari kuliko wote mjini na kwamba hiyo ni hakika. Dirisha halikufunguliwa. Mkuu akaandika kitu.

Nikajikaza. Ubaoni nilishaandika sentensi ya hakika tupu, kwamba darasa letu huanza saa kumi na mbili kamili. Nikamchagua mtu wa mbele kabisa, lakini shangazi alishasimama.

Akasema: “Hiyo haiwezi kuwa maoni, kwa sababu inapimika kwa saa. Sisi tumeipima. Si kweli.”

Damu ikanichemka. Mimi sichelewi! Nawaacha wanafunzi wasubiri kidogo, hamu ya somo iwapande. Hiyo ni mbinu ya ualimu! Lakini Mkuu akamsogelea, akamuuliza nani kawafundisha kupima sentensi namna hiyo.

Shangazi akaeleza kila kitu. Kwamba mimi nikikawia, Bi Utulivu huacha milango yote miwili wazi na kufundisha vyumba vyote viwili, huku akipita huku na huku. Kwamba hakika na maoni wamezijua kwake. Kisha akanitazama kwa huruma, akamgeukia Mkuu.

“Lakini msimlaumu sana. Mkwe wangu ana roho nzuri. Hayo ni maoni yangu.”

Darasa likapiga makofi. Mkuu naye! Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Utulivu alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyefungua dirisha.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mkuu kanipa uamuzi. Darasa lililounganishwa ni la Bi Utulivu. Mimi nitakaa nyuma muhula mzima nimtazame anavyofundisha, halafu wataona.

Ijumaa usiku nililia kidogo, sifichi. Lakini leo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma karibu na shangazi, akili ikafunguka. Mtu anayekaa nyuma na kumtazama mwalimu akifundisha anaitwaje? Mkaguzi! Wamenipandisha cheo, wakaogopa kunisifu mbele za watu. Bi Utulivu hata akaniuliza maswali, kwa kujipendekeza. Nilikosa mawili, yalikuwa mabaya.

Nikamwambia mke wangu kwamba nimekuwa mkaguzi, na kwamba hii si maoni, ni hakika. Akaniuliza nani mwingine anaijua.

Nikamwambia kwa sasa ni mimi tu.