Mkataba wa Dakika Sitini

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetia sahihi mkataba na mke wangu. Nimeuandika mwenyewe. Vifungu vitano, lugha safi, hakuna hata palipofutwa. Kifungu cha pili: mume hatacheza mchezo wa mtandaoni zaidi ya dakika sitini kwa siku. Kifungu cha tano: akikiuka, kompyuta ihamie kwa shemeji.

Shemeji huyo ni kaka wa mke wangu, fundi saa. Ndiye aliyeniingiza katika mchezo huo, naye humaliza upesi akaenda kula! Mtu ambaye hajapata kuandika barua yenye kichwa cha habari.

Kompyuta ndiyo inayonipigia chapa barua za maombi ninazowaandikia watu nje ya ofisi ya ardhi. Ikiondoka, narudi kwenye kalamu kama mwaka nilioanza kazi. Sina wasiwasi. Miaka kumi na minane sijashindwa na karatasi.

Jumanne, 4 Machi
Mchezo wenyewe ni wa kuongozwa. Unakuta watu wenye alama ya njano utosini, kila mmoja na shida yake. Huyu anataka ngozi sita za mbwa mwitu. Unampelekea, anakupa upanga, kisha mshale unakuonyesha mwenye shida mwingine. Shemeji anasema majukumu ya siku nzima ni dakika arobaini.

Nimetumia saa tatu na robo. Sielewi.

Nilisoma maelezo yote, kama inavyostahili. Mwashi mmoja wa humo alikuwa na ombi la ovyo: halina tarehe, halimtaji anayeombwa. Nikamwandikia upya. Hakulipokea. Nikapeleka nakala kwa mfalme. Kimya! Shemeji alicheka hadi lenzi ikamdondoka jichoni. Ati, “Shemeji, hao si watu, ni picha! Bonyeza ‘Nakubali’ twende zetu!” Kukubali kabla ya kusoma! Na mtu huyu tunamkabidhi saa zetu.

Mke wangu aliuliza kuhusu muda. Nikamjibu kwamba nilikuwa nasoma. Yeye ni mwalimu. Alinitazama vile anavyowatazama wanaodai daftari limebaki nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Ufumbuzi! Umo katika kifungu cha kwanza, nilichokitunga kwa uangalifu mkubwa: “Kucheza maana yake ni kutekeleza jukumu lililotolewa na mchezo.”

Nimesikia kwamba upo mchezo mwingine usiotoa jukumu lolote. Unatupwa kwenye nchi tupu, ujijue. Shemeji anaukwepa kama ukoma. Ati huo hauna mwanzo wala mwisho, umemla rafiki yake akabaki macho tu. Sikumsikiliza. Pasipo jukumu hapana kucheza. Kisheria, naweza kukaa humo hadi nizeeke.

Nimeingia baada ya kazi. Nikakaa juu ya jiwe. Hakuna aliyenituma popote. Nikakata mti. Nikajenga kibanda. Nikapata kondoo wawili.

Jumla ya kukaa humo: saa nne. Muda wa kucheza: sifuri.

Alhamisi, 6 Machi
Kondoo wameibwa!

Nimechanganyikiwa. Katika mchezo wa kwanza ukiondoka, mbwa mwitu wanakusubiri palepale kwa adabu. Huku dunia inaendelea bila wewe. Wakazi wake ni watu halisi, kila mmoja kwao na kompyuta yake, na wengine ni wezi. Jirani yangu wa humo, ajiitaye Chuma Baridi, aliniambia bila huruma, “Mzee, hukujenga boma, ulitaka nani akulindie?”

Sikwenda kazini. Nikaandika malalamiko, kurasa tatu, nikayabandika penye kisima. Kijiji kizima kikasoma. Hadi adhuhuri walikuwa wamenifanya karani wa kijiji! Mmoja alisema hajawahi kuona tusi lililonyooshwa vizuri kiasi kile.

Wajibu wangu: kulisha kondoo wa umma asubuhi, kukiandikia vitisho kijiji cha ng’ambo, na kuhudhuria mkutano wa ukuta kila siku saa kumi alasiri. Haya hayakutolewa na mchezo. Nimeombwa na wananchi. Tofauti ni kubwa.

Saa nane. Muda wa kucheza: sifuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nilifungua meza yangu, nikaifunga kabla jua halijawa kali. Wateja watatu walikuwa kwenye foleni. Mmoja alihamia kwa yule mwandishi wa upande wa pili, anayeandika bila kuacha pambizo. Nilimwona. Iliniuma. Lakini ukuta wa kijiji hupoteza jiwe kila saa usipokarabatiwa, na ng’ambo walikuwa wametujibu kwa matusi yasiyo na mpangilio.

Mke wangu alirudi kutoka shuleni akaikuta chai ya asubuhi imefanya utando. Aliweka sahani kando yangu, akaenda kula peke yake.

Sielewi kabisa. Mchezo wenye kazi humalizika. Mchezo usio na kazi hauishi kazi.

Saa tisa.

Jumamosi, 8 Machi
Hukumu.

Shemeji alikuja na saa ya mezani, kana kwamba ni mahakama. Mke wangu alikuwa ameandika kila kitu nyuma ya daftari la mahudhurio: saa ishirini na moja kwa siku tatu. Nikasimama. Nikasoma kifungu cha kwanza kwa sauti, mara mbili.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Haya, mume wangu, hukuwa unacheza. Sasa nieleze, mtu asiyecheza anashindwaje kuja kula siku tatu?”

Hakuna kifungu kuhusu kula. Nilipekua pande zote mbili.

Shemeji akachomoa nyaya. “Pole, karani.” Kompyuta ikatoka mlangoni imefunikwa shuka.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu alikuja kukaa nami kizingitini. Alisema dakika hazikumsumbua hata siku moja. Alitaka mtu wa kukaa naye tu. Kompyuta itarudi kesho. Mkataba tuuchane. Sharti ni moja: kila siku saa kumi alasiri tutembee hadi mwisho wa barabara na kurudi, sisi wawili. Nilipotafuta kalamu alinishika mkono, akaniomba nisiliandike.

Nilikubali. Machozi yalinilenga. Mwanamke wa namna hii hapatikani mara mbili.

Kisha nikakumbuka mkutano wa ukuta. Saa kumi! Watu kumi na tisa wananitegemea.

Nimetunga ombi fupi, kurasa mbili na nakala. Naomba kwa heshima matembezi yasogezwe hadi Jumapili ya mwisho ya kila mwezi. Au, ikiwa hilo halitawezekana, yafanywe na kaka yake kwa niaba yangu. Nimeliweka juu ya mto wake. Nafasi ya sahihi nimeiacha pana.

Sioni atakalopinga.