Mpini Mpya wa Bastola ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimedhalilishwa mbele ya watu. Tena na shemeji! Tulikuwa uwanja wa shabaha, klabu yetu ya wapenda mambo ya kale: kofia pana, viatu vya kupandia farasi, farasi hatuna. Dewey, kaka wa mke wangu Arlene, akanitazama nilivyoshika bastola, akacheka mpaka masharubu yakatetemeka. Akauliza hicho kidole changu cha mwisho kinaning'inia huko chini kinatafuta nini. Akasema nimeshika silaha kama bibi anayekunywa chai. Wote wakaangua kicheko. Hata mchungaji wa kanisa letu!

Ni kweli mpini ni mfupi. Bastola ni ya marehemu baba mkwe, mzee Harlan, aliyekuwa na vidole kama soseji. Ni ya mtindo wa kizamani: kwa kila risasi, lazima kwanza uvute nyundo yake ya nyuma kwa dole gumba. Mzee alimwachia Arlene, si Dewey, na Dewey hilo halijamshuka kooni mpaka leo. Arlene ananiazima tu. Sharti lake: nisiiguse kwa bisibisi.

Mashindano ya kuchomoa haraka na kulenga shabaha ni Jumamosi. Zawadi ni mkanda wenye bizimu kubwa kama kisosi. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Juni
Kwa Boyd, yule auzaye vipuri vya silaha nyuma ya pikapu, jirani na duka la chakula cha mifugo. Ana fremu ya mpini ya shaba. Ndefu! Inang'aa! Vidole vyangu vyote vikaingia kama vimerudi nyumbani. Hataki fedha, anataka tubadilishane: nimpe mpini wa zamani.

Nilisita. Kwenye mbao za mpini ule mzee Harlan alichonga herufi za jina lake kwa kisu. Lakini Arlene haangaliagi mpini. Anaiangalia bastola kwa ujumla.

Nikamuuliza Boyd kama fremu yake itaingia. Akasema, "Mzee, hizi zote ni ndugu." Sikuuliza ni ndugu wa karibu au wa mbali.

Nikafungua skrubu bandani, Arlene akiwa kwa msusi wake. Skrubu ya mwisho ilipotoka, springi ndogo ikaruka, ikanipita sikioni, ikatua kwenye ndoo ya pumba za kuku. Nimepepeta pumba jioni nzima. Kuku wamenitazama kwa dharau. Nimeipata. Mpini wa zamani nimempelekea Boyd.

Jumatano, 5 Juni
Ni ndugu wa mbali.

Fremu inagoma. Huku inakaa, kule inaachia mwanya. Nimeipiga tupa. Ikagoma upande wa pili. Nikapiga tupa upande wa pili. Sasa inacheza kama jino la mtoto.

Skrubu nazo! Kumbe hazilingani urefu, na mimi nilizimwaga zote kwenye kikombe kimoja. Nimeziingiza kwa kubahatisha. Moja haionekani kabisa. Nimechukua skrubu ya bawaba ya kabati la jikoni. Imeingia kwa kulazimishwa, lakini imeingia. Juu yake nimepaka gundi.

Nimesimama mbele ya kioo. Nimependeza mno. Ukiangalia kwa mbali.

Alhamisi, 6 Juni
Mlango wa kabati umeangukia sufuria ya maharage. Maharage hadi dari! Nimemwambia Arlene ni upepo. Hapa Wyoming upepo unasingiziwa kila kitu na haujawahi kujitetea. Arlene akauliza, "Upepo uliingia kabatini kutafuta nini?" Nikasema sijui, si wangu.

Dewey akapita. Amechangamka kupita kiasi. Akanipiga bega, akaniita shemeji yake kipenzi, akasema Jumamosi atanionyesha kitu. Najua anataka kunitisha. Hanitishi. Sijalala.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika kwa taabu.

Wakaniita kwa jina langu la uwanjani: Mkono wa Radi. Nikasimama, miguu nikaitanua. Mwamuzi akapuliza filimbi. Nikachomoa kwa kasi ambayo haijapata kuonekana katika wilaya hii.

Nikachomoa mpini.

Mpini peke yake! Bastola yenyewe ilibaki imekaa kwenye ala yake kiunoni, imetulia. Ile springi ikaruka tena, ikamgonga mchungaji kwenye kofia. Na mimi, sijui niliingiwa na nini, nikaunyoosha mkono, nikalenga kwa mpini, nikavuta nyundo ambayo haikuwapo. Mwamuzi akasogea, akaitoa bastola kiunoni kwangu kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa.

Dewey alicheka hadi akakaa chini; hata Arlene, kwenye benchi la watazamaji, alicheka. Kisha zamu yake ikafika, akachomoa bastola yake, na kicheko cha Arlene kikakatika. Kwenye mpini wa Dewey zilikuwepo herufi za mzee Harlan.

Arlene akaenda moja kwa moja. Akamwuliza kaupata wapi. Dewey akasema kwa Boyd, alidhani Arlene mwenyewe ameutupa. Akasema, "Nilitaka kitu kimoja tu cha baba, dada yangu. Kimoja tu." Arlene akapitisha kidole juu ya zile herufi. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Leo nimemwona. Kisha akanigeukia. Afadhali angenitukana.

Dewey akaomba bisibisi, akaufungua mpini pale pale, akampa. Kwa hiyo naye hakupiga risasi hata moja.

Mkanda kachukua mchungaji.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada Dewey kaja. Yeye na Arlene wakaketi jikoni na bastola ya baba yao juu ya taulo, wakaurudisha mpini taratibu, kila skrubu mahali pake. Walikuwa wanamkumbuka mzee na kucheka. Nilitamani kukaa nao. Nikaambiwa nitundike mlango wa kabati.

Wamekubaliana bastola itakaa kwa zamu, mwezi kwa Arlene, mwezi kwa Dewey. Kwangu haikai. Nimeomba radhi. Arlene akasema amesikia. Hakusema amekubali. Nina aibu kweli, na naiandika hapa ili nisisahau: usiguse kamwe kitu cha mwenzio.

Dewey kaenda na Arlene makaburini kwa gari letu. Kaniachia funguo za pikapu yake, niisogeze kivulini. Ungwana mkubwa. Nataka nimlipe wema.

Nimekaa ndani yake. Usukani wake ni mdogo mno, maskini, utadhani wa mtoto. Boyd ana usukani wa trekta.

Watachelewa kurudi. Utaingia tu.