Moto Niliouchora kwenye Tanuri la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa mezani, mbele ya familia nzima. Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye kiwanda cha mikate, kasema swichi ya joto ya tanuri lake imekufa tangu mwezi jana, na mimi niliyeahidi kumtengenezea kioo cha kisasa mahali pake, chenye chipu ya kupima joto na kulipunguza, bado nakunywa chai yake. Jumamosi shule ya bweni inachukua mikate. Kioo kisipofanya kazi siku hiyo, chumba changu cha uani kinageuzwa stoo ya unga. Unga! Yaani kati yangu na unga, mwenye heshima ni unga. Dada akainamia sahani, hakunitetea.

Eti mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina mwaka wa pili hapa. Si mgeni tena, hilo jembe halinihusu.

Jumanne, 4 Machi

Kioo kimewaka! Kidogo kama kiganja, lakini changu. Watu hawaielewi kazi hii. Kwenye kompyuta kubwa kuna mfumo mzima unaokuchorea madirisha na vitufe. Unaagiza tu, unaletewa. Chipu yangu haina mtumishi. Kila nukta naiwasha mwenyewe.

Nikamwita mwokaji mkuu, mama asiyecheka kabla ya saa sita, aje aone joto linavyosomeka. Likasomeka. Lilipopanda, tarakimu mpya zikakaa juu ya zile za zamani, mara zikawa fundo la masizi. Akauliza hiyo ni nambari gani. Nikamwambia ni wastani. Hakuridhika.

Kumbe kwenye kioo cha namna hii ulichokichora hakiondoki mpaka ukifute wewe. Na hakuna aliyeniambia!

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefuta kioo chote kabla ya kila nambari. Sasa kinapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Mwokaji mkuu kadai kinamtia kizunguzungu, kakifunika kwa kitambaa cha kufutia meza. Kitambaa, juu ya kazi yangu!

Akapita binamu yangu. Tulisoma darasa moja, sasa yuko ofisini anatengeneza programu za simu, na shemeji akimwona humvutia kiti. Mimi hajanivutia hata kigoda. Binamu akasema nifute kile kisanduku cha nambari peke yake, nichore upya hapo hapo, kwingine nisiguse. Nikamjibu kwa ubaridi kwamba wazo hilo nililifikiria zamani nikalikataa. Alipoondoka nikalifanya. Limekubali. Jioni nikamweleza shemeji jinsi nilivyoligundua.

Shemeji kasema vizuri. Neno moja, huku anatafuta miwani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa tatizo. Nambari haimshangazi mtu. Hata saa ya ukutani inazo. Nitachora moto! Ndimi za rangi ya machungwa zinazocheza kioo kizima, na joto pembeni. Shemeji atakosa la kusema. Huenda akavuta kiti.

Binamu kaja kununua mkate, kachungulia. Kasema chipu hii ina mkono mmoja: ikiwa inachora, haisomi joto, na isiposoma joto haipunguzi moto wa tanuri. Kanisihi nibaki na nambari. Wivu mtupu! Aliyezoea kuchorewa hawezi kumvumilia mchoraji. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimemfungashia mkate wake nikamwonyesha mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kutwa nzima. Hakuna kilichokwama. Tanuri lilikuwa limezimwa, lakini kiooni moto uliwaka kwa fahari. Mwokaji mkuu kauliza kama sitajaribu tanuri likiwa na moto wake. Nimemwambia kwa upande wa picha hakuna tofauti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeonewa. Niandike kwa utaratibu.

Mikate ya shule iliingia tanurini alfajiri. Shemeji akasimama mbele ya kioo, akatabasamu. Nililiona tabasamu hilo kwa macho yangu, hakuna wa kuninyang'anya. Akamwita dada. Tukautazama moto sote watatu, tukausifu, mpaka harufu ikatufikia. Nambari ya pembeni ilikuwa imeganda pale pale tangu mikate inaingia. Ndani kulikuwa na mkaa.

Shemeji hakupandisha sauti. "Shemeji," alisema, "tumesimama hapa tunaota moto wa picha. Wa kweli nani alikuwa anauangalia?"

Nikaanza kueleza kwamba kitaalamu swali hilo lina pande mbili.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nyamaza."

Hilo liliniuma kuliko yote. Binamu akaitwa. Akaufuta moto wangu wote, akaacha nambari nyeupe kwenye kioo cheusi, kama kaburi. Mikate ya pili ikatoka salama, ikachelewa, na shemeji akaenda nayo mwenyewe kuomba radhi shuleni. Binamu alivutiwa kiti. Akaletewa na chai.

Jumapili, 9 Machi

Magunia yameingia chumbani kwangu. Mimi niko sebuleni, kwenye kochi fupi kuliko miguu yangu. Dada kaniletea blanketi, kakaa kidogo pembeni. Kwa muda ule nilijuta kwa dhati. Nilitaka kumwambia, nikakosa pa kuanzia, naye akaenda kulala.

Kisha nikafikiri vizuri. Chipu ni nzembe. Tanuri nalo linapasha haraka mno, halina subira na sanaa. Nimebebeshwa makosa ya vyombo viwili!

Jumatano, 12 Machi

Kuna haki duniani! Jirani mfuga kuku kaja kunitafuta, mtu mwungwana ambaye habari za tanuri hazijamfikia. Kanunua mashine ya kuangulia vifaranga, na kidhibiti chake cha joto ni kibovu. Kaomba nimwekee kitu chepesi kisichoacha mayai yapoe wala yaungue, na kitaa kidogo cha kuonyesha joto liko sawa. Kitaa! Maskini, hajui anachostahili.

Nimeshaanza. Yai linatetema, linapata ufa, kifaranga anatoa kichwa, anatikisa manyoya yake ya njano, nukta kwa nukta, kioo kizima. Ni mzuri mpaka machozi yamenilengalenga. Mayai yanaingia mashineni kesho asubuhi. Joto nitaliweka pembeni, nafasi ikibaki.