Mlinzi wa Godoro

Jumatano, 4 Juni 2025

Godoro limefika! Tano kwa sita, inchi kumi, kitambaa cha maua ya bluu. Limeletwa kwa guta kutoka sokoni, nami nimetembea kando yake nikilishika ubavuni kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Nilimwambia mwenye guta apite njia ndefu, mbele ya maduka. Mtaa wetu wote wa Somanda umeona. Nilitaka hasa jirani yangu Maganga aone. Maganga ana bajaji, maneno mengi, na godoro lililobonyea katikati kama bakuli. Nililiona siku walipolianika.

Maganga akaona. Akazima bajaji, akalibonyeza godoro langu kwa kidole bila ruhusa, akauliza mke wangu Felisita ana miezi mingapi sasa. Nikasema ameingia wa tisa. Akacheka! Akasema chupa ya uzazi haipigi hodi, hupasuka popote. Kwake ilipasukia kitandani. Na mtoto mwenyewe akishafika, akasema, ndiyo kwanza masika yanaanza. Akawasha bajaji, akaenda zake.

Furaha yangu imedumu kutoka barabarani hadi mlangoni.

Lakini mimi, Masalu, ni dalali wa viwanja. Nimewahi kumuuzia bonde mtu aliyekuja kutafuta kilima, na akanishukuru. Siwezi kushindwa na mtu ambaye hata hajazaliwa.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango wa kwanza: nailoni ya kiwandani isitolewe. Nikatandika shuka juu yake. Rahisi kabisa! Nikashangaa watu wengine hufikiria nini.

Kumbe Felisita akigeuka, kitanda kinalia kama mtu anayefungua biskuti kanisani. Na mwenye mimba ya miezi tisa hugeuka sana. Tena joto. Ameamka mgongo umeloa, shuka imejikunja miguuni, mto umeteleza mpaka sakafuni. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba nailoni huzoeleka. Akasema yeye si mkate wa dukani. Akaomba mkasi. Nikasema sijui ulipo. Akaichana kwa kisu cha nyanya.

Nilisimama pembeni nikilinda kitambaa kisikatwe. Mimi hakuna aliyenilinda.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimepita dukani kwa Mudathiri, nikamwomba aniazime turubai. Ameniazima bila swali, kijana mstaarabu. Nimelikunja mara mbili, nikalitandika chini ya shuka Felisita akiwa anaoga. Halilii. Halina joto sana. Nikajipongeza.

Nilisahau kuuliza turubai hilo hufunika nini. Hufunika dagaa.

Felisita hawezi kusikia harufu ya dagaa tangu mimba ilipoingia. Ametoka chumbani mkono mdomoni, akaketi nje uani mpaka jioni. Paka wawili wameingia dirishani. Sijui wa nani. Maganga amepita akauliza kwa sauti kama tumefungua mgahawa.

Turubai limerudi kwa mwenyewe. Paka hawajarudi kwao.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Kichwa hiki!

Felisita ameshafunga begi lake la hospitali kama walivyomwelekeza kliniki: khanga safi, glovu, pamba, nguo za mtoto. Na ndani yake kuna mpira wa kujifungulia. Nimeutoa nikautazama. Mzito, laini, haulii, haunuki, upana wake ni wa kitanda changu hasa. Kazi yake hapa duniani ni kuzuia majimaji. Na umekaa tu ndani ya begi, hauna kazi!

Nimeuazima. Si kuiba. Siku ikifika nitaurudisha kabla hajanyanyuka kitandani. Nimeulaza chini ya shuka, nimepiga pasi shuka kwa mkono, hauonekani mkunjo wala alama. Felisita amelala mchana bila kujua. Godoro nalo limelala kwa amani.

Maganga alipouliza habari za godoro nikatabasamu tu. Mtu mwenye akili haelezi kila kitu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku imefika asubuhi, Felisita akiwa anakoroga uji. Amesimama, ameshika meza, akasema, "Masalu, twende." Kwa utulivu kabisa. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nimevaa viatu vya kushoto viwili, maana ninavyo jozi mbili za kufanana. Nikachukua begi, nikamsukuma Maganga kwa maneno mpaka akawasha bajaji.

Chupa imepasukia njiani. Ndani ya bajaji! Kwenye kiti cha Maganga, kile kipya cha rangi nyekundu! Ninaandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma: mke wangu alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, anahema, na mimi moyoni nilikuwa naimba. Godoro limepona.

Hospitalini, muuguzi akafungua begi. Akatoa khanga. Akatoa glovu. Akatoa pamba. Akaingiza mkono tena mpaka kiwikoni. Akauliza mpira uko wapi.

Nikasema uko nyumbani. Akauliza unafanya nini nyumbani. Nikatazama viatu vyangu vya kushoto.

Felisita akafumbua macho. "Masalu. Mpira wangu uko wapi?"

"Chini ya shuka," nikasema.

Akageuza uso ukutani. Heri angenitukana.

Maganga amenirudisha nyumbani kwa mwendo ambao bajaji haikuumbiwa, mimi nimekalia kiti kilicholoa, naye njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja. Hapo ndipo nikaogopa. Nimeung'oa mpira kitandani mpaka shuka ikachanika. Tuliporudi nikasikia sauti nyembamba inalia nyuma ya pazia, nikajua nimechelewa. Mama wa kitanda cha pili alikuwa na mpira wa ziada, akampa mke wangu bila kuombwa.

Ni msichana. Ana nywele nyingi na amekunja ngumi. Nimesimama mlangoni nimeukumbatia mpira wangu kifuani, nalia, na wauguzi wananipita kushoto na kulia.

Jumatatu, 16 Juni

Mama mkwe, mayu Benedikta kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, amefika kutoka Mwandoya na samli, unga wa uji na jogoo. Amempa mtoto jina la mama yake yeye mwenyewe, Kwandu. Kisha ameingia chumbani kwangu, akaweka kitenge chake kitandani. Atalala na mzazi na mtoto mpaka mzazi apate nguvu.

Mimi nimepewa mkeka sebuleni. Hilo navumilia. Shida ni kwamba mkwe ni mkwe: siwezi kuingia anamolala, siwezi hata kuchungulia. Nasalimia nikiwa nje, nimeinama, "Mwangaluka, mayu," naye anaitikia kutoka ndani, na godoro langu liko huko huko naye, sijui linafanyiwa nini!

Nimemwita Felisita dirishani nikamnong'oneza, hali ikoje huko. Uso wake ukalainika kidogo, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema hajambo, ananyonya vizuri, kitovu kinakauka.

Nikasema namshukuru Mungu. Nikauliza na godoro je.

Dirisha limefungwa.

Jumapili, 22 Juni

Leo nimepewa Kwandu nimshike uani, aote jua la asubuhi. Nafasi! Nikamvalisha pampasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Nikafikiria, nikaongeza khanga.

Miguu haikukutana tena. Alikaa mapajani kwangu kama mtu aliyepanda ng'ombe, ananitazama kwa mshangao. Mayu Benedikta ametoka jikoni, akamwona, akaita majirani waje washuhudie kabla hajamfungua. Wamekuja. Maganga ameuliza mtoto anasafiri kwenda wapi.

Mama mkwe alikuwa anacheka, lakini alipomaliza kumfungua akasema nami kwa upole, akitazama pembeni kama heshima inavyotaka, "Baba, mtoto akikojoa ni mzima. Ogopa siku asipokojoa."

Maneno mazito. Nimeitikia. Nikamwuliza kupitia Felisita kama mtoto amekojolea upande wa ukutani au wa mlangoni.

Jumamosi, 28 Juni

Wanawake wote wamekwenda kwa mke wa Maganga kunywa chai. Nyumba yangu peke yangu! Nimeingia chumbani kwa kunyata, nikatoa shuka na vitambaa vyote alivyopanga mayu, tabaka kwa tabaka.

Godoro safi! Kavu! Nikalibusu. Ndipo nikaona, karibu na mto, doa. La maziwa. Kubwa kama shilingi. Mtu mwingine asingeliona. Mimi nililiona.

Nikachukua kitambaa chenye maji na sabuni. Doa likatoka, likaacha duara la majimaji. Nikasugua duara, likawa kubwa zaidi. Nikaongeza sabuni. Povu likaingia ndani halikutaka kutoka, kila nikibonyeza linachungulia na kurudi. Nikaona dawa yake ni kulisuuza. Nikamimina kikombe. Kikombe hakikufika. Nikamimina ndoo.

Sponji ya inchi kumi hunywa ndoo nzima kimya kimya. Hunywa hata ya pili.

Waliporudi, maji yalikuwa yanatiririka chini ya kitanda kuelekea sebuleni, na povu mbele yake. Felisita alisimama mlangoni na mtoto begani. Akauliza amekojoa nani.

Jumapili, 29 Juni

Tumelitoa uani mimi na Maganga. Lilikuwa zito kama ndama aliyekufa. Jua la kutosha, lakini juu limekauka na ndani linalia. Nikaona lazima likamuliwe. Nikalipanda, nikatembea juu yake kwa visigino, maji yakaruka pande zote. Nilikuwa ninafanikiwa! Nikarukaruka.

Likachanika kutoka ua la kwanza hadi ua la mwisho.

Mayu Benedikta akafunga mizigo yote. Kisha akasimama mbali kidogo. "Baba, sina ugomvi na wewe. Tunakwenda Mwandoya. Ukipata pa kumlaza mtoto, utatufuata."

Felisita alipanda gari. Sikujua kama angegeuka. Aligeuka, lakini ni kwa ajili ya kurekebisha kofia ya Kwandu.

Jumatano, 2 Julai

Nalala kwenye chaga tupu za kitanda. Nimeamka na mistari mgongoni. Hakuna anayelia. Hakuna nepi kwenye kamba. Jogoo ameliwa, hata yeye hayupo. Jana mteja alikuja kuulizia kiwanja, nikamwambia ukweli wote kuhusu kiwanja hicho, akaondoka. Nadhani naumwa.

Maganga ameniletea ugali. Ameketi kizingitini akasema lile godoro lake la bakuli hawezi kulitupa, kwa sababu kila anapolala humo hukumbuka siku aliyokuwa baba. Kisha akaona aibu, akasema pia godoro jipya hana uwezo nalo.

Nikamega tonge jingine, nikatafuna.

Jumamosi, 5 Julai

Nimefika Mwandoya. Nimeketi nje, mbali na mlango wa mkwe, nimekunja mikono kama mtuhumiwa. Felisita ametoka, akaniwekea Kwandu mapajani bila salamu, akarudi ndani. Hana pampasi. Kitambaa tu.

Nimevaa suruali yangu ya kukutania na wateja, ya rangi ya maziwa. Kwandu akanitazama. Akakunja ngumi. Nikasikia ujoto unaenea, polepole, mpaka gotini. Nilijua nini kinatokea na sikumwondoa. Alipomaliza akapiga chafya, akalala hapo hapo, kwenye maji yake, kwenye suruali yangu. Sikusogeza hata goti.

Nilipoinua macho Felisita alikuwa mlangoni, anacheka mpaka anafuta machozi kwa khanga. Akaniita, "Baba Kwandu." Mara ya kwanza!

Jioni mayu ametoa zawadi. Godoro la pamba, amelijaza mwenyewe kwa pamba ya shamba lake, amelishona kwa mkono, kitambaa cha mistari. Amesema likilowa linaanikwa, likikauka linapigwa fimbo, linalaliwa. Basi. Nikaapa mbele ya wote kwamba sitaligusa isipokuwa kulilalia. Niliapa kwa moyo mweupe.

Jumatano, 9 Julai

Tumerudi Somanda. Tunalala watatu, na godoro la pamba linanukia shamba. Kwandu amelilowesha mara kadhaa. Tumeanika, tumepiga fimbo, limekauka. Mayu alisema kweli. Nina amani kamili.

Leo Felisita amempeleka mtoto kupimwa uzito. Nimepita dukani kwa Mudathiri kununua chumvi, macho yangu yakaangukia kopo la vanishi. Limeandikwa ubavuni: haipitishi maji. Nikafikiria. Mlango wetu wa mbele umepakwa vanishi, umenyeshewa miaka yote, na haujawahi kuvimba. Kama mbao inaweza, kitambaa kitashindwa nini?

Nimeanza na upande wa miguuni tu, kwa tahadhari. Mtu hujifunza.