Mkono wa Mfano

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata kazi ya pili bila kuacha ya kwanza. Asubuhi napiga deki bweni la wasichana wa chuo, mwanangu mgongoni. Kuanzia leo mimi pia ni mwelimishaji! Sista wa zahanati ya chuo alikuwa ananiwekea kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, akawa analalamika kuwa wasomi hawa wanamkwepa kwa aibu, halafu kila muhula wawili watatu wanafunga mabegi na mimba. Nikamwambia aniachie mimi. Wamenizoea. Akanieleza yote: kijiti miaka mitatu au zaidi, kitanzi hata kumi, ukitaka mtoto kinatolewa na unazaa. Akasisitiza jambo moja: bandeji isitoke siku tano, kidonda kisiloane wala kuguswaguswa. Nimeelewa.

Anayeninyima raha ni wa chumba namba tisa. Tunamwita Mwanasheria, maana ndoo ya maji haichukui bila kuuliza haki yake. Mwaka wa mwisho. Mchumba anaye, kinga hana. Mimi niliacha shule tumbo likiwa la miezi minne. Huyu haachi. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza, chumba cha kufulia. Nilisema dakika kumi. Wao na simu zao. Akapita mwenye kantini, akawaambia kijiti kinatembea, kinapanda hadi moyoni. Yule mama! Hajawahi kukiona, lakini njia zake zote anazijua. Wakamwamini, si ndiye anayewapimia chakula.

Nikapata wazo. Nikabandua bandeji. Nikawaambia waguse wenyewe kama kimehama. Simu chini! Wakapanga foleni, mikono na mapovu ya sabuni, wakabonyeza mmoja mmoja. Mwanasheria alibonyeza mara mbili, huku ananihoji. Akasema Alhamisi ya wiki ijayo, siku waliyopangiwa wanafunzi, atakwenda. Wengine tisa wakaandika majina. Nimelala mchana kama malkia.

Ijumaa, 7 Machi

Mkono unawaka. Umevimba, ngozi inang'aa. Ningekwenda kwa Sista, lakini ataulizia bandeji. Nimevaa sweta. Jua la kupasua kichwa, mimi na sweta! Nimewaambia nina mafua. Mama mkwe anasema mtoto analia kwa sababu nambeba upande mmoja. Ni kweli. Wa kushoto hauinuki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanguka ngazini na ndoo. Mtoto alikuwa amelala kitandani kwa Mwanasheria, nashukuru. Waliponivua sweta wakaona. Usaha. Harufu. Hakuna aliyepiga kelele, walirudi nyuma tu. Mwenye kantini akafika, akasema yeye hapendi kusema, akasema nusu saa.

Sista alikitoa kijiti, akasafisha, akanipa dawa. Hakunigombeza. Aliniuliza wangapi walinishika. Nikasema wachache. Walikuwa ishirini na mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekaa mlangoni kwa Sista tangu saa mbili asubuhi. Majina kumi. Hakuja mtu. Saa nane akatokea mmoja. Alikuwa anatafuta choo.

Nikaenda namba tisa. Nikamweleza Mwanasheria kuwa kosa ni langu, si la kijiti: bandeji, sabuni, vidole. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema mshtakiwa hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Atafikiria baada ya mitihani.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwanasheria kaondoka. Ana mimba. Mitihani imebakiza wiki tatu. Baba yake alimfuata na gari, wala hakuteremka. Nilimbebea begi hadi getini, mkono umeshapona. Mchumba sikumwona. Pale getini akambusu mwanangu kichwani, akaniambia taratibu, bila hasira:

"Dada, nilikuwa nakwenda. Ule mkono ndio ulionirudisha."

Nikapakia begi. Mlango wa gari ukafungwa.

Nimelia kwenye chumba cha mifagio, mwanangu ananipapasa machozi akidhani ni mchezo. Miaka yote ile ya kusoma. Na mimi ndiye niliyeapa.

Kisha nikakaa chini nikafikiri vizuri. Tatizo lilikuwa kidonda. Kitanzi hakina kidonda! Sista ana kimoja cha mfano mezani, kidogo, umbo la herufi T. Nikamwomba. Alinitazama sana, akanipa. Kesho naanza bweni la pili, huko hawajui habari za mkono. Nitakivaa kama hereni, kila msichana akione, akishike, akivute akitaka. Tundu la sikio lilikuwa limeziba, nimelitoboa upya sasa hivi kwa pini ya nepi.

Linawaka kidogo tu.