Kufuli la Kuachia Pombe

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu kaja karakanani. Anaolewa Jumamosi. Kasema kwa upole kabisa kwamba siku hiyo nikinuka pombe, atakayemshika mkono kumwingiza ukumbini ni baba yake mdogo. Mdogo wangu! Yule aliyeacha pombe kwa kukimbia kila alfajiri, na sasa hata akikohoa anatoa ushauri. Kanialika tukimbie wote. Nimekataa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Jumanne, 4 Juni
Njia nimeipata. Si mimi fundi kufuli? Jioni nikajifungia karakanani kwa ndani, ufunguo nikamrushia mke wangu dirishani. Akauliza kama nimesahau kazi yangu. Sikumwelewa.

Baadaye nikamwelewa. Kipande cha waya, mikono ikafanya yenyewe, nikajikuta baa. Walevi wenzangu wakanipigia makofi. Nimelewa. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Juni
Kufuli jipya! Safari hii linakaa nje ya mlango. Na kwa tahadhari nimelifanya gumu hata kwangu mwenyewe. Mdogo wangu kapita akihema, akauliza, dirisha je? Nikamwambia hayamhusu. Alipokata kona nikatia nondo dirishani.

Jumamosi, 8 Juni
Jana jioni mke wangu alinifungia pamoja na suti ya harusi. Asubuhi ufunguo ukamkatikia ndani ya kufuli. Kazi nzuri mno ile! Ukumbini watu wanasubiri, mimi namwelekeza kwa upenyo wa mlango, naye anazidi kuliharibu. Ikabidi aitwe nani? Mdogo wangu, na mtaimbo.

Mlango ukang'oka na bawaba zake. Jicho lake likatua moja kwa moja nyuma ya kopo la grisi, kwenye chupa yangu ya akiba. Imejaa, kizibo hakijaguswa. Akauliza kama ilikuwa humo usiku kucha. Nikasema ndiyo. Niliiangalia chupa, nikaiangalia suti, nikaiangalia tena chupa, nikalala. Hakutoa ushauri wowote. Akanifunga tai.

Mlangoni pa ukumbi binti yangu akaninusa shati.

"Baba, unanuka grisi," akasema, akanishika mkono na hakuuachia mpaka mbele.

Nililia mbele ya wakwe. Nilifurahi kupita kiasi, na sikuwa na ulevi wa kusingizia.

Jumapili, 9 Juni
Mdogo wangu anadai si kufuli lililonizuia, maana chupa nilikuwa nayo humo humo ndani. Wivu huo! Hajawahi kubuni kitu maishani. Kufuli limefanya kazi, na walevi wenzangu wanateseka bila dawa. Jioni hii nalipeleka baa niwaoneshe. Sitakaa sana.

Mke wangu kauliza nitaagiza nini huko. Soda, nimemjibu. Ya kuanzia.