Malalamiko Dhidi ya Bi Mkubwa wa Ziwani

Kwako Ami Msabaha, mposaji wetu, Tooting, London.

Heshima zitangulie, salamu zifuate.

Na si kwamba nimemchoka, Ami, kama ulivyodhani juzi kwenye simu ulipocheka mpaka ukakohoa. Mume wangu Hussam nampenda. Nikisikia funguo zake mlangoni, moyo wangu hukimbilia mlangoni kabla ya miguu. Nampenda hata anaponiambia "vitunguu zimeiva" kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa London. Lakini mapenzi ni jambo moja na haki ni jambo jingine, na wewe ulikata simu kabla sijafika kwenye haki. Ndiyo maana naandika.

Siku ile ulipokuja kwetu Wete kuniposa kwa ajili ya Hussam, baba alikuuliza mbele ya wazee, "Kijana ana mke?" Nami nilikuwa nyuma ya pazia nikakusikia ukijibu, "Hana mke wala mchumba. Ana kazi yake duka la dawa, na tabia nzuri." Kuhusu duka la dawa na tabia ulisema kweli tupu, Mungu akuzidishie. Kuhusu mke, naomba kwa adabu zote uangalie tena, kwa sababu nimefika London nikamkuta Bi Mkubwa.

Jina hilo sikulitunga mimi. Nilimsikia Hussam mwenyewe, jikoni, akimwambia rafiki yake Darshan kwenye simu: "Jana Bi Mkubwa alikataa mahindi. Kesho nampelekea kitu kitamu zaidi." Nilikaa chini palepale, juu ya gunia la mchele. Kumbe Bi Mkubwa ni samaki. Anaishi katika ziwa dogo la maji baridi huko kaskazini, pale London inapoishia na ng'ombe wanapoanza. Wavuvi wa Kizungu humwita kwa lugha yao bibi mzee. Hussam akatafsiri neno kwa neno, kama wanavyotafsiri watoto wa huku, akampa samaki cheo cha mke wa kwanza bila kujua. Aliponikuta nalia aliniuliza, "Kwani bi mkubwa si bibi ambaye ni mkubwa?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikafuta machozi, nikafikiri, na kila nikifikiri naona kwamba jina limempata mwenyewe. Sababu zangu ni hizi.

1. Jumamosi yuko kwake. Jumapili yuko kwake. Huondoka nikiwa bado usingizini, hunibusu kwenye paji la uso akidhani sijui, kisha huyo, na fimbo zake za mshipi begani. Mimi nimebakishiwa siku za kazi, ambazo hurudi amechoka na kusinzia juu ya sahani. Mwanamume mwenye wake wawili huweka zamu. Kwetu hata mjinga analijua hilo.

2. Hussam hajui kuchemsha yai. Lakini kwa ajili ya Bi Mkubwa hukanda unga, mayai, sukari na iliki yangu niliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaviringa vidonge vidogo vya mviringo na kuvikausha kwenye sinia. Mkeo Bi Zainab alipokuja kututembelea, nikawa natafuta cha kumwekea na chai, nikaliona sinia limefunikwa kwa kitambaa safi. Nikasema, lo, mume wangu ameniandalia vitamutamu kwa siri! Bi Zainab alikula vitatu, akasifu, akauliza tu kama nimetia dagaa. Jioni ndipo tulipoambiwa kwamba kile ni chambo. Ami, tumbo lile alilolalamikia wiki nzima sababu yake ni hiyo, mpe pole zangu. Lakini nami nipe pole, kwa maana biriani yangu siku ile hakuisifu.

3. Samaki huyu akivuliwa halazwi majanini. Ana godoro lake, jipya, laini, linalomwagiwa maji kwanza ili asichubuke. Godoro letu sisi lina shimo katikati. Shimo lenyewe silalamikii, maana hutulazimisha kukutana. Nazungumzia usawa.

4. Jumapili moja nilimfuata Hussam huko ziwani nikaone kwa macho yangu. Ami, Waingereza ni watu wa ajabu katika kustarehe. Mvua inanyesha, na mabibi wa makamo wanaogelea wamevaa kofia za sufu, wanazungumza kama wako barazani. Watu wanatembeza mbwa waliovaa makoti. Na wavuvi wamekaa chini ya miavuli ya kijani, hawasemi, hawali, wanatazama maji kama wanaosubiri majibu ya hospitali. Bi Mkubwa hakutokea siku ile, ila alitokea mdogo wake, mnene, ana magamba kama sarafu mpya. Mimi nikaanza kufikiria nazi. Hussam akampima, akampaka dawa mdomoni pale ilipoingia ndoana, akambusu kichwani, akamrudisha majini!

Nilipiga ukelele, "Hussam! Kitoweo kinakwenda!" Mabibi wote wakageuka.

Darshan, ambaye wazee wake ni wa Kisumu na sasa wako Kenton hapa London, akaniambia, "Shemeji, huyu haliwi. Huyu ni wa kushika na kuachilia tu." Nikamwambia, "Wewe hata samaki huli, Darshan, usinifundishe." Akanijibu, "Ndio maana mimi ndio mvuvi mwenyewe. Nyinyi wengine mko hapa na njaa."

Ami, kwetu mtu akivua samaki halafu akamrudisha baharini, jamaa zake humsomea dua.

5. Kwenye picha ya harusi yetu Hussam amekaza uso kama anayengoja sindano. Kwenye simu yake kuna picha nyingine, amempakata Bi Mkubwa kwa mikono miwili, meno yote nje. Sina la kuongeza.

6. Na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Unajua fungate yetu ilikatizwa, akarudi kazini mapema kabla hina haijaanza kufifia mikononi mwangu. Akaniahidi kwamba akipata wiki yake ya likizo atanilipa fungate yangu yote. Wiki hiyo imepatikana, ni mwezi huu, na hakuna nyingine mpaka mwakani. Mimi nimeota hoteli yenye mapazia mazito, tukitembea tumeshikana mikono, tukinywa chai na mtu mwingine akiosha vikombe. Yeye anasema ndiyo wiki ambayo Bi Mkubwa hupanda juu kuota jua, kwa hiyo tupige hema kando ya ziwa. Hema, Ami! Nilipokataa aliinama kidogo, akasema kwa upole ulionichoma, "Ami ndiye aliyetuunganisha. Ami akisema niache, nauza fimbo zote."

Basi neno ni lako, na wiki yangu iko mikononi mwako. Naomba umwamrishe auze.

Kama utaona ni ukatili, basi apange zamu, na kwa kuwa mwenzangu ametangulia kwa miaka mingi, mimi nianze kufidiwa. Kama zamu haiwezekani, na ahamie kwetu. Sisi ni watu wa heshima, hatuwezi kumwacha mke wa nyumba akae nje kwenye baridi. Bafu letu linamtosha. Mimi na Hussam tutaoga kwa ndoo, nimekulia hivyo. Nitambadilishia maji, nitamsalimia asubuhi, na wageni nitawaambia ukweli. Na ikiwa wenye ziwa watakataa kumtoa, basi naomba idhini yako nimwalike chakula cha mchana mara moja tu, mimi nikiwa mwenyeji na yeye akiwa chakula. Nazi ninayo. Ukwaju ninao.

Hapa naweka kalamu chini. Nisalimie Bi Zainab, na mwanenu Harith na wanawe wanaojibu kila salamu kwa Kiingereza, na majirani zenu wote wa ghorofa ya chini mpaka ya juu.

Ni mimi mwanao,
Haifa, mke wa Hussam, na kwa sasa mke mdogo.

Nyongeza: Ami, sikuwahi kuitia barua hii posta. Leo nimeipeleka ziwani nimsomee Hussam kwanza, nisije nikaambiwa nimemsema nyuma ya mgongo. Nimefika, naye amekwenda kutawadha. Ghafla king'ora cha fimbo yake, kile cha kuarifu samaki ameuma, kikalia. Nikaikamata. Kitu kilinivuta mpaka viatu vikabaki kwenye matope na mtandio ukaniangukia mabegani. Darshan anapiga kelele, "Legeza, shemeji! Legeza! Si ng'ombe huyo!" Tulivutana mpaka akasogea ukingoni. Alipoingia kwenye wavu alinitazama. Ni Bi Mkubwa mwenyewe, Ami, mtu mzima. Mdomo wake una makovu ya ndoana za miaka na miaka, na bado alikuwa ametulia kama mgeni aliyezoea kwenu. Nilimpaka dawa mwenyewe. Nilimshikilia majini mpaka nguvu zikamrudia, akakaa kidogo mikononi mwangu ingawa njia ilikuwa wazi, kisha akaenda zake. Nililia kuliko siku niliyoagana na Wete.

Hussam amerudi maji yakimchuruzika mikononi, akakuta nimeshamwachilia. Sasa yeye ndiye anayenung'unika kwamba ameonewa, na anasema atakuandikia. Akikuandikia, usimjibu. Fimbo asiuze hata moja, umwamrishe aninunulie na mimi yangu. Wiki ya likizo tumeshakubaliana: hema ni la watu wawili, nimelijaribu, ni dogo mno, na limenipendeza sana. Tutakuja Tooting kabla mwezi haujaisha, inshallah, ila katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili hatupatikani.